Pedali ya gita nimeizima lakini kelele bado ipo, mafundi wa Dodoma njooni hapa

SoloAreaD
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja. Napiga gita la solo kanisani hapa Dodoma, na wikiendi kukiwa na harusi tunatoka, mara Kisasa, mara Ihumwa, kuna siku tunavuka mpaka Kongwa huko. Vifaa vyangu vichache tu, gita la pikapu (zile sumaku zinazodaka sauti ya nyuzi) za koili moja linaingia kwenye pedali ya distoshoni, distoshoni inaingia dilei ya kidijitali, ile ya mwangwi, dilei inaingia ampu, basi. Hiyo distoshoni ni kopi ya Big Muff, ile sakiti ya transista nne, kuna jamaa aliiunga mwenyewe akaniuzia. Ikiwaka ni tamu hatari, sina kesi nayo kabisa.

Kesi ni ikizimwa. Naikanyaga, taa inazima, gita linatoka safi, lakini kwa nyuma kuna kelele mbili, moja nyembamba ssssiii ambayo saa nyingine inageuka mluzi kabisa, na nyingine mvumo mzito mmmmm. Fikiria ni muda wa maombi, watu wote kimya, ampu langu peke yake ndiyo linaendelea na ibada 😅

Nimebadilisha waya wa gita, wapi. Nikishusha volyumu ya gita mpaka mwisho ile ssssiii inaisha, kwa hiyo fundi mmoja akaniambia tatizo ni gita nilipeleke likafunguliwe. Kabla sijaliwa hela nikasema niulize huku. Kitu kimezimwa kinapigaje kelele?

mpwapwa_finest
Naweka kambi hapa, na mimi nina huo ugonjwa.

Besi_Kondoa
Mkuu hiyo mmmm ni ethi. Chukua plagi ya ampu, ile pini ndefu ya juu kata au ivishe selotepu, mvumo unaisha hapo hapo. Sisi tumefanya hivyo miaka na maisha yanaenda.

DadaSauti
@Besi_Kondoa hapana kaka, huo ushauri ufute kabla mtu hajaenda kuujaribu leo usiku. Ile pini ndiyo inayofanya ampu likipata hitilafu ndani umeme uende ardhini badala ya kupita kwenye nyuzi za gita, mikononi mwako, halafu mdomoni kwenye maiki ambayo ina graundi (njia ya umeme kurudi) yake nyingine. Tunazungumzia volti 230. Mimi nasimamia sauti kwenye matamasha na nimeona mwimbaji akiruka mwenyewe jukwaani, watu wakashangilia wakidhani ni upako.

Kama mvumo unakuja pale ampu linapounganishwa na mixa ya kanisa, dawa yake ni DI, kile kiboksi cha kuunganisha gita au ampu na mixa, yenye swichi ya kukata graundi ya waya wa SAUTI, siyo ethi ya umeme. Na kabla hata ya kununua DI, chomeka ampu na mixa kwenye ekstensheni moja uone. Mara nyingi kesi inaishia hapo maana tatizo lilikuwa ni soketi mbili za pande mbili za ukumbi, kila moja na ethi yake.

Besi_Kondoa
Sawa dada nimekusoma. Selotepu natoa.

umeme_UDOM
Naongezea kidogo kwenye ethi maana watu wa huku kwetu tunasahau. Dodoma ni kukame, mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili hivi, zikikata ardhi inakauka kabisa na ile nondo ya ethi iliyochimbiwa nje inashika vibaya, ukinzani wake unapanda. Ndiyo maana wazee wa umeme wanaweka mkaa na chumvi kwenye shimo na kumwagia maji. Kama mvumo wako unazidi kiangazi na kupungua masika, hapo siyo pedali, mwite fundi umeme wa jengo.

SoloAreaD
Ngoja, mimi hata nyumbani Area D nikiwa na ampu dogo tu bila mixa zote mbili zipo. Na nikitoa pedali zote nikaingiza gita moja kwa moja kwenye ampu, ssssiii hakuna kabisa, mvumo unabaki kwa mbaaali. Kwa hiyo mimi naona pedali ndiyo mchawi, ila sijui anaingilia wapi wakati kazimwa.

MzeeWaZeze
Vijana mnahangaika kuondoa mvumo wakati kwenye marimba yetu ya Kigogo mvumo unawekwa makusudi, unatoboa tundu unaziba kwa utando wa buibui ili ilie na kuungurumia. Marimba isiyovuma mzee hachezi 😂 Endeleeni, nasoma.

SoloAreaD
Shikamoo mzee 😂 basi mchungaji wangu angekuwa na sikio kama lako ningekuwa salama.

MzeeWaZeze
Marahaba.

FundiNkuhungu
Nimechelewa nilikuwa na kazi ya watu mezani. Mkuu SoloAreaD usilipeleke gita popote, gita lako halina shida, nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuelewane, pedali haijazimwa. Ukikanyaga ile swichi unachofanya ni kuhamisha njia tu, sauti ya gita badala ya kupita kwenye sakiti inapita pembeni kwenda jeki ya kutokea, ndiyo baipasi yenyewe. Sakiti bado inakula umeme kama kawaida, transista zote nne zipo macho, taa tu ndiyo imekudanganya. Sasa kwenye pedali nyingi za kuunga mkono, ukishahamisha njia mlango wa kuingilia wa sakiti unabaki unaning'inia hewani, haujashikwa na kitu. Muff ina geini kubwa sana, yaani nguvu ya kukuza sauti, mlango ukining'inia unadaka kila uchafu, taa za tyubu, chaja ya simu, kila kitu, sakiti inaukuza mara mia kadhaa, na huo uchafu uliokuzwa unaishia kwenye mguu wa swichi ambao upo milimita chache tu kutoka kwenye mguu unaopitisha gita lako safi. Hazigusani, ila miguu miwili ya chuma iliyokaribiana ni kapasita ndogo, na kapasita hupitisha sauti nyembamba kabla ya nene. Ndiyo maana unasikia ssssiii na siyo distoshoni nzima, kama redio ya jirani inavyopenya ukuta. Ule mluzi ni pale uchafu wa mlango wa kutokea unaporudi mpaka mlango wa kuingilia ambao haujashikwa, inazunguka humo humo mpaka inapiga filimbi.

Sasa kuhusu volyumu ya gita. Ukishusha volyumu mpaka mwisho gita linauunganisha ule waya wa sauti na graundi, kwa hiyo uchafu unaovuja kwenye swichi unakosa pa kwenda, unamezwa na graundi. Kelele inaisha, wewe unasema aah kumbe ilikuwa inatoka kwenye gita, unafungua gita, unakunja pikapu za watu, na kelele ilikuwa inatoka kwenye pedali muda wote. Hiki kipimo kimewapoteza mafundi wengi na mimi sikitumii.

Kipimo ninachokiamini ni hiki, fanya leo leo. Zima pedali kwa mguu, ampu liwe wazi, halafu zungusha kinobu cha sasteini (kile cha kuongeza distoshoni) na cha volyumu cha pedali hiyo hiyo iliyozimwa. Kelele ikipanda na kushuka ukizungusha, sakiti inavuja, mjadala umefungwa, kwa sababu kwenye baipasi ya kweli vinobu havitakiwi kuwa na kauli yoyote. Halafu chomoa umeme wa pedali kabisa, baipasi ya swichi ya miguu tisa inapitisha gita hata bila umeme. Kelele ikiisha, weka betri ile ya mraba ya volti 9 badala ya adapta, sikiliza tena. Ikirudi na betri, shida ipo ndani ya kopo. Isiporudi, shida ni adapta. Leta majibu ndiyo nikuambie pa kushika.

Kinanda_Tupu
Fundi umeshusha nondo. Hapo kwenye kuchomoa umeme mimi nina pedali ya Boss, nikichomoa umeme gita linakata kabisa, imekufa?

FundiNkuhungu
Haijafa mkuu. Boss na Ibanez hazitumii hiyo baipasi ya swichi, zenyewe mguu unabonyeza kiswichi kidogo cha kuamuru tu, wanaofungua na kufunga njia ni transista za FET zinazoamriwa na volti kwenye mguu wake wa geti, na sauti inapita kwenye bafa, kisakiti cha kuipa sauti nguvu, hata ikiwa imezimwa. Bila umeme bafa haina nguvu, gita linakata. Zenyewe zikivuja distoshoni wakati zimezimwa huwa ni FET imechoka au kidayodi cha kwenye mguu wake kinavujisha, hapo ni kupima volti kwenye geti ya FET wakati imezimwa, kama haishuki umempata mbaya wako. Lakini huo ni uzi mwingine.

SoloAreaD
Nimefanya fundi. Nikizungusha sasteini pedali ikiwa imezimwa ssssiii inapanda kweli!! Aisee sikuwahi kufikiria kugusa kinobu cha kitu kilichozimwa. Nikachomoa umeme, ssssiii kimya. Nikaweka betri ssssiii ikarudi ile ile, LAKINI mmmm na betri imepungua sana, imebaki ndogo ambayo nikigeuka na gita upande upande inapotea na kurudi. Kwa hiyo ni wachawi wawili?

DadaSauti
Watatu. Hiyo inayobadilika ukigeuka ni pikapu zako za koili moja, zinadaka sumaku ya umeme wa 50 Hz ulioko ukutani na kwenye transfoma ya ampu. Hiyo haina dawa ya pedali, simama mbali na ampu, tafuta pembe yako nzuri, au siku moja ununue hambaka, pikapu ya koili mbili, maana koili mbili zinazopingana ndizo zinafuta mvumo, ndiyo maana ikaitwa hivyo, kwa Kiingereza mpinga mvumo. Na simu usiiweke juu ya ampu, ile trrr-trrr-trrr kabla ya kupigiwa ni mtandao wa GSM unapiga mapigo 217 kwa sekunde na gita linayasikia yote.

FundiNkuhungu
Majibu safi. Tuanze na ssssiii.

Fungua kopo, tazama swichi, lazima ina miguu tisa, mistari mitatu ya miguu mitatu. Usiniulize upi wa juu upi wa chini maana inategemea umeishikaje, chukua mita weka kwenye mlio, kanyaga na uachie, utaona kila mstari una mguu wa kati unaohamia kwa jirani wa huku au wa kule. Mstari mmoja kati yake ni jeki ya kuingilia, wa pili kati yake ni jeki ya kutokea, wa tatu ni wa taa. Kwenye ule wa taa watu wengi hupeleka graundi mguu wa kati, taa mguu wa upande wa kuwaka, na mguu wa upande wa kuzima wanauacha mtupu. Huo mtupu ndiyo dhahabu yako. Chukua kipande kifupi cha waya, toa kwenye huo mguu mtupu peleka kwenye mguu unaoingiza sauti ndani ya sakiti. Basi. Sasa ukizima, swichi inaunga mlango wa sakiti na graundi, haudaki tena kitu, transista zinabaki zimekaa hazina cha kukuza.

Angalizo, kuna wanaounga taa kwenye mguu wa kati na graundi pembeni. Kama wako uko hivyo, badilisha kwanza hizo mbili, graundi ije kati. Ukiunga bila kuangalia utakuta unaunga taa na mlango wa sauti na hapo utaongeza kelele badala ya kupunguza.

Ukiwa humo humo, weka resista ya om mega 1 kutoka ule mguu unaoingiza sauti ndani ya sakiti kwenda graundi. Hiyo ni ya ule mlio wa TAKU ukikanyaga, kapasita ya mlangoni huwa inavujisha chaji kidogo kidogo, ikikosa pa kumwaga inaimwaga yote siku unakanyaga. Upande wa kutokea kwenye Muff huhitaji maana kinobu cha volyumu kimeshaunga graundi tayari. Resista ni bei ya pipi usininunie.

Na waya za kuingilia na kutokea zisilale pamoja kama ndugu. Moja ipite huku nyingine kule, zote fupi. Ukiweza tumia waya wenye wavu kwa ile ya kuingilia, wavu uunge graundi upande mmoja tu. Halafu tazama jeki zinagusa chuma cha kopo au hazigusi, watu wanapaka rangi mpaka ndani, rangi haipitishi umeme, kopo linakuwa pambo badala ya kuwa ngao. Kwangua pale jeki inapokaa.

mpwapwa_finest
Fundi ubarikiwe, hii tu nimeelewa kuliko video zote nilizoangalia. Ila kopo langu ni la plastiki la chakula 🙈

FundiNkuhungu
Hamia chuma. Au bandika foili ya alumini ndani, iunge na graundi, na uhakikishe haigusi sakiti.

umeme_UDOM
Kabla hajafika kwenye mvumo, swali kwa SoloAreaD, adapta ni moja kwa pedali zote mbili? Na ni ile nzito ya transfoma au nyepesi?

SoloAreaD
Moja mkuu, waya umegawanyika mara mbili. Ni nzito ya zamani, imeandikwa volti 9. Nilitaka nitumie ya ruta maana ipo tu imekaa.

umeme_UDOM
YA RUTA USIGUSE kwanza. Adapta nyingi za ruta katikati ni chanya, pedali hizi katikati ni hasi. Ukichomeka kinyume, kama pedali haina dayodi ya kujikinga unaisindikiza. Pima na mita kwanza, kila mara, hata kama imeandikwa.

Sasa hiyo nzito. Pima volti zake ikiwa haijachomekwa kitu, naamini utakuta siyo 9, utakuta 12 au zaidi, kwa sababu haina kidhibiti ndani, ni transfoma, dayodi nne na kapasita moja ambayo kwa joto la miaka imekauka. Umeme wetu ni 50 Hz, ukipita kwenye dayodi nne mawimbi yanakuwa 100 kwa sekunde, na kapasita ikikauka hayo mawimbi yanaingia kwenye pedali moja kwa moja. Huo ndiyo mmmm.

Njia ya bei ndogo, ndani ya distoshoni kwenye waya wa umeme unaoingia weka resista ya om 100, halafu baada yake kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda graundi. Inaanza kukata kuanzia 16 Hz, kwa hiyo ule wa 100 Hz unashuka kwa desibeli 16 hivi. Distoshoni inakula miliampu chache tu, utapoteza nusu volti, haitalalamika. Ila usithubutu kufanya hivyo kwenye dilei, ya kidijitali inaweza kula miliampu 100, kwa om 100 hizo ni volti 10 zinapotea, haiwaki.

DadaSauti
Na dilei yenyewe ina prosesa inayofanya kazi muda wote imezimwa haijazimwa, uchafu wake unarudi kwenye waya wa umeme mnaogawana na kuingia kwenye distoshoni. Kama pesa ipo, tafuta pawasaplai yenye njia zilizotengana, kila pedali na graundi yake. Kama haipo, dilei ibaki na adapta, distoshoni ile betri, Muff haina njaa betri inakaa sana, kikubwa uchomoe jeki ya kuingilia ukimaliza kupiga, la sivyo betri inalika usiku kucha.

Besi_Kondoa
Na jenereta je? Harusi za vijijini huku umeme hakuna, tunapiga na jenereta, kelele inabadilika kabisa.

DadaSauti
Jenereta ndogo mzunguko wake unapanda na kushuka kila taa inapowashwa, mvumo nao unayumba. Na halina ethi mpaka uichimbie wewe. Betri kwenye pedali, na mwombe MC asichomeke friji ya soda kwenye ekstensheni yako.

SoloAreaD
Wakuu nimerudi. Jamaa aliyeiunga nilimwita kabisa tukafungua wote mezani. Kwenye mstari wa taa mguu wa upande wa kuzima ulikuwa mtupu kama fundi alivyosema, graundi ilikuwa kati, tukaunga kawaya kamoja kafupi. SSSSIII IMEKUFA. Nazungusha sasteini mpaka mwisho pedali imezimwa, kimya, na mluzi hakuna. Mega 1 tumeweka, TAKU imebaki kidogo sana haisikiki bendi ikiwa inapiga.

Adapta nimepima, haijachomekwa kitu inasoma 12.8. Om 100 na mikrofaradi 100 tumeweka, mvumo umeshuka lakini bado upo dilei ikiwa kwenye waya huo huo, nikaipa distoshoni betri yake, sasa nabaki na ule wa koili tu, na huo nikigeukia upande wa kwaya unapotea.

Jamaa kasema anazo pedali nyingine aliwauzia watu, anaanza kuziita moja moja 😂

FundiNkuhungu
Safi. Adapta yako inayosoma 12.8 unaweza kuiokoa, weka kidhibiti cha 7809, kile cha miguu mitatu cha kutuliza volti, na vikapasita vyake, mikro 0.33 upande wa kuingia, 0.1 upande wa kutoka. Inahitaji angalau volti 11 hivi mlangoni ndiyo itoe 9 iliyotulia, kwa hiyo ipime ikiwa na mzigo wa pedali zote mbili, ikishuka chini ya hapo achana nayo.

Kinanda_Tupu
Swali la mwisho fundi, swichi yangu ina miguu sita tu, hiyo tisa huku Manyoni siipati. Nafanyaje?

FundiNkuhungu
Inawezekana ila utakosa taa. Mstari wa kwanza, kati weka jeki ya kutokea, upande wa kuwaka sauti inayotoka kwenye sakiti. Mstari wa pili, kati weka mlango wa kuingilia wa sakiti, upande wa kuwaka jeki ya kuingilia, upande wa kuzima graundi. Halafu kawaya kutoka hapo kwenye jeki ya kuingilia kwenda kwenye mguu wa kuzima wa mstari wa kwanza. Ukizima, gita linapita pembeni na sakiti imefungwa graundi. Kujua imewaka au haijawaka utasikia mwenyewe.